Mbwa wa Mama Evarista

Khairat, mjukuu na mchumba wangu,

Babu yako sasa ana kampuni ya kutunza mbwa wa wakubwa, wateja wamejaa hadi Msalato. Haya, nimedanganya. Mteja ni mmoja tu, Mama Evarista, karani wa serikali pale Ipagala. Alipokwenda semina mwezi mzima aliniachia mbwa wake, Bosi, na katoni ya nyama za makopo, maana zama hizi za ruksa hata mbwa anakula vya ng'ambo.

Bosi alinusa kopo akageuza uso. Nikampa ugali na mlenda, akaramba mpaka sufuria. Jana mwenyewe karudi, kafungua kopo, mbwa kakimbilia nyuma ya kanzu yangu.

"Mzee, umemharibu mbwa wangu!"

Mimi! Nimharibu kwa mlenda uliokulea wewe Khairat na baba yako? Akamburuta hadi garini, mbwa analia, hata kuagana tukanyimwa. Kanzu nimeifua mara saba kwa najisi ya mate yake, na bado simchukii yule mbwa. Tangu bibi yako afariki, hakuna mwingine aliyenipokea mlangoni.

Unakumbuka nilivyomwapia mama yako kwamba uko madrasa, kumbe uko na Imrani? Sasa lipa. Mwandikie huyo mama kwa mwandiko wako mzuri, aniruhusu nikamwone Bosi kila Jumapili.

Babu yako,
Abdulnasiri