Kabula Amerudi Darasani

Shikamoo, Daktari.

Ni mimi Rehema, daktari wa mwisho uliyemfundisha. Tangu tukuzike kwenu Shinyanga nimeanza barua hii mara tatu nikaishia njiani. Leo nina habari, kwa hiyo nitajikaza.

Kliniki yako ya watoto wenye kifafa hapa Geita ilikaribia kufa pamoja nawe. Alhamisi ya kwanza baada ya msiba sikufungua mlango. Niliogopa. Nje akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi, wengine wametoka machimboni alfajiri na watoto mgongoni. Mama Kabula akanifuata dirishani.

"Daktari amefariki, tumemlilia," akasema. "Na dawa nazo zimefariki?"

Nikafungua.

Unamkumbuka Kabula, yule binti wa Kalangalala? Siku alipoanguka kibarazani watu wote waliruka pembeni, eti povu linaambukiza. Wewe ulipiga magoti, ukamlaza ubavu, ukamfuta povu kwa kiganja kitupu. Alipozinduka ukamwambia, "Pole mama, uko salama." Kisha ukanawa ukaendelea na chai yako. Sikuwahi kukwambia, Daktari: hata mimi niliogopa kumgusa. Mimi, niliyesoma.

Alhamisi ile alikuja na mkono umefungwa kitambaa. Baba yake alikuwa amesimamisha vidonge, akisema mwenye dawa kafa, akampeleka kwa mganga. Kifafa kikarudi kwa nguvu, akaangukia jikoni kwenye moto.

Nilienda kwao. Nilitamani kumfokea yule baba, lakini uliniambia mzazi aliyefokewa harudi. Tukakaa mpaka chai ikapoa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Atakuja kuwa mtu, huyu?" Nikamwambia atakuwa, mradi vidonge visikosekane hata siku moja, mganga awepo asiwepo. Akaenda ndani kuvitafuta mwenyewe.

Daktari, Kabula hajaanguka tena tangu mvua zianze! Shule iliyomkataa imempokea. Juzi kaniletea daftari la hesabu, kapata zote isipokuwa moja, na hiyo moja anabisha kwamba aliyekosea ni mwalimu. Ungecheka. Nilicheka mpaka nikalia, nikakukumbuka ukikataa kuhamia jijini: "Watoto wa huku nao wana ubongo."

Nimepata nafasi ya kusomea magonjwa ya ubongo wa watoto. Naondoka kwenda jijini mwezi ujao, na muuguzi wetu atashika kliniki pamoja na daktari mgeni. Nikimaliza nitarudi hapahapa. Nitafungua kliniki na Maganzo pia, kule kwenu Shinyanga, ili wazazi wa upande ule wasisafiri mbali hivi kutufuata. Nakuahidi.

Pumzika, Daktari wangu. Wabeja sana, kama wanavyokushukuru akina mama hadi leo. Usiwe na wasiwasi kwamba jiji litanimeza: Mama Kabula amesema nikichelewa kurudi, atapanda basi anifuate mwenyewe.

Wako,
Rehema