Vigae Vinne vya Kona

5 Januari

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, ila kidole changu cha kuandikia kimevimba. Mgongo wako vipi? Na huo ukumbi mnaouwekea vigae, unakaribia kwisha?

Nilikutumia fomu ya chuo cha ualimu wa hesabu uitie saini. Umenijibu kwa namba: 1,022,117. Eti nikipata namba mbili zinazoizaa, ndipo utasaini. Baba, mchezo huu tuliucheza nikiwa darasa la tano. Fomu zinafungwa tarehe 31, na Shangazi ameshaninunulia aproni ya saluni yake.

Hata hivyo naigawa. Kwa saba inabaki tano. Kwa kumi na tatu inabaki tano tena, kama inanicheka.

Mwanao, Kimya

9 Januari

Kimya wangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, umenizoea. Hasira zako nimezisoma, ziweke kwenye kalamu. Fundi hasemi kazi imeshindikana kabla hajafika ukutani.

Baba yako

17 Januari

Baba,

Shikamoo. Nimemaliza. Namba tasa zote za kwenye kitabu, 168, kuanzia 2 mpaka 997, hakuna inayoingia. Kwa hiyo namba yako yenyewe ni tasa, haina wa kuizaa. Daftari mbili zimeisha. Shangazi anasema kwa muda huo ningekuwa nimeshasuka vichwa vya mtaa mzima.

Naomba saini.

Mwanao

21 Januari

Kimya,

Hatujambo huku. Swali moja tu: uliishia 997 kwa sababu namba ziliisha, au kwa sababu ukurasa uliisha?

Baba yako

24 Januari

Baba,

Shikamoo.

Ukurasa uliisha. Tasa inayofuata baada ya 997 ni 1,009. Nimeijaribu nikiwa nimesimama, na barua yako bado mkononi. 1,009 mara 1,013. Nilikosea kwa hatua moja. Nimelia jikoni, Shangazi akadhani ni vitunguu.

Kisha nikaona ulichokiona wewe, nikakasirika zaidi. Ni sakafu ya mraba, vigae 1,011 kila upande, iliyopungukiwa vigae vinne kwenye kona moja, viwili kwa viwili. Zile safu mbili fupi zenye 1,009 unazing'oa, unazihamishia upande wa pili, mstatili unakaa sawa. Wewe hukugawa hata mara moja. Mimi nimegawa mara 168.

Ungeniuliza tu kama chuo nakitaka kweli. Ningekujibu.

Barua zinachukua siku tatu. Safari hii usinijibu kwa namba.

Mwanao

30 Januari

Baba,

Shikamoo. Bahasha imefika asubuhi. Fomu, saini yako, basi. Hata salamu hakuna. Niliigeuza nyuma nikitafuta namba, sikuiona.

Nimeipeleka mwenyewe. Karani aliniuliza jina mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakunisikia. Mara ya pili alisikia mpaka mlinzi wa getini. Aproni nimeirudisha, Shangazi hajanisemesha tangu mchana.

Bado nimekukasirikia. Lakini vigae vyako vinne vya kona hivi hapa: 1,022,121. Sasa sakafu ni 1,011 kwa 1,011, haidai kitu.

Mwanao, Kimya