Nyonga Yangu Inalia, Lawama Nimekitupia Kiti

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nakuandikia nikiwa nimeegemea kabati la jikoni kwa sababu nikikaa sina hakika kama nitainuka. Mimi ni mkunga mstaafu, mjane, wanawake niliowazalisha hata hesabu imenipotea, na nyonga yangu ya kushoto siyo niliyozaliwa nayo, ni ya bandia, gololi na kikombe chake, niliwekewa baada ya ile ya asili kusagika kwa kusimama wodini. Ilinipa raha jamani, nilitembea kama msichana, mpaka ilipoanza kulia. Ndiyo, kulia, nikipiga hatua kwiii, nikigeuka kwiii, na daktari wa mifupa alikuwa ameshanionya siku ya kutoka hospitali kwamba nikisikia sauti yoyote nirudi mara moja, nami nikaitikia vizuri kabisa kama wanavyoitikia wagonjwa wote.

Sasa sikia nilichofanya. Siku ilipolia kwa nguvu mara ya kwanza alikuwepo fundi seremala, naye ni mgane, amekuja kunirekebishia dirisha, akauliza, "Sista, mlango gani huo unalia?" na mimi ulimi ukaniponyoka nikasema wa chumbani, basi akaupaka mafuta, tukanywa chai, tukacheka, na Jumamosi iliyofuata akarudi kuangalia kama umepona. Haukupona, ungeponaje, nikasema labda ni wa stoo. Mshauri, nisikufiche, Jumamosi nilikuwa naanza kuingojea tangu Jumapili, maana yule baba ana mikono mizuri na maneno machache, na kila alipokuja nilimtafutia bawaba nyingine, akapaka milango, madirisha, makabati, hata cherehani. Akaanza na mengine ambayo sikumwomba, akapandisha miguu ya kitanda changu (usiniulize alifikaje huko, alikuja kukaza skrubu), akafunga mti mnene kwenye ukuta wa bafuni akasema ni wa kuanikia taulo, na mwisho akaniletea kiti kirefu chenye mikono, amekichonga mwenyewe, akasema vile vyangu vya zamani ni vifupi mno, vinachosha.

Balaa ni kwamba sasa nyumba nzima imenyamaza. Milango inafunguka kwa upepo bila hata kunong'ona, anayelia humu ndani ni mimi peke yangu. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekalia kiti hicho hicho, nikainuka kumletea chai, nyonga ikafanya kach! mguu ukagoma, nikadaka meza, na yeye yuko juu ya ngazi ananitazama. Akauliza, "Nini hicho?" Nikamjibu, "Si hiki kiti chako, kinalia." Akashuka, akakishika kiti, akakitikisa huku na huku, hakikutoa hata sauti, akakirudisha chini polepole, akakusanya vifaa vyake akaaga, chai hakuingoja, na simu hajapiga hadi leo. Tangu siku hiyo kinena kinaniuma nikikanyaga, nameza vidonge vya maumivu na kujifanya mzima. Nikienda hospitali watampigia binti yangu, yeye ndiye niliyemwandikisha kuwa ndugu wa karibu, naye aliapa kwamba mguu ukinisumbua tena atanihamishia kwake, kwenye kile chumba cha kupigia pasi, nami nyumba yangu naipenda. Na nikimwambia fundi ukweli, nani atamtaka mwanamke mwenye spea? Nifanye nini?

Ni mimi, Sista Mwenye Kelele

MSHAURI ANAJIBU

Sista, nimecheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikafika kwenye hiyo kach na kicheko kikaniisha. Mimi si daktari, ila nimemuuliza mmoja kabla ya kukujibu. Anasema sauti peke yake huenda ikawa jambo dogo, lakini sauti pamoja na maumivu ya kinena na mguu kugoma ni habari nyingine. Huenda kikombe kimelegea au kimeinama, huenda gololi imepasuka. Ukiwahi, pengine watabadilisha kipande tu. Ukiendelea kuikanyagia, vipande vitasaga mfupa wako na upasuaji utakuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza. Hivyo vidonge haviitibu, vinaiziba mdomo. Wewe mkunga mzima, uliyewafokea wanawake kwa kuchelewa kliniki, leo ni wa kukumbushwa kwamba mficha uchi hazai? Aibu ikushike kidogo, kisha ikuachie, maana najua unaogopa kisu. Nani asiyekiogopa?

Sasa huyu fundi. Dada yangu, umekaa na watu miaka yote hiyo na hujui mwanamume anayejua na asiyejua? Seremala gani anashindwa kutofautisha mlango unaolia na mtu anayepita mlangoni? Kitanda amekiinua ili usipate shida kuamka. Kile kiti kirefu ni cha mtu mwenye nyonga kama yako, waulize hospitalini. Na huo mti wa bafuni nenda ukauvute, halafu uniambie ni taulo gani inayohitaji skrubu za kubeba ng'ombe. Bwana huyo amejua siku nyingi. Amekaa kimya akingoja useme mwenyewe, na huku anakutengenezea nyumba usije ukaanguka.

Spea zako hazimtishi hata kidogo. Umemzungusha na mafuta nyumba nzima, hakununa. Ila ulipokisingizia kiti alichokuchongea kwa mikono yake, ulimwambia kazi yake mbovu, tena huku ukimwangalia usoni, na yeye akijua kinacholia ni nini. Hapo hata mimi ningeiacha chai. Mpigie simu leo. Mwambie kiti hakina kosa, nyonga ndiyo yenye kosa, na kwamba unaogopa. Hilo neno la mwisho usilimeze kama vidonge vyako.

Binti yako naye mwambie wewe, kabla hospitali haijamwambia. Anataka kukuhamisha kwa sababu habari zako humfikia zikiwa zimeshaoza. Akisikia kwamba umekwenda kutibiwa kwa miguu yako, na nyumbani una kitanda cha kimo chako na mtu wa kukutazama, maneno yake yatapungua makali. Yasipopungua, ugombane naye ukiwa mzima. Lakini ukificha mpaka uanguke, kwake utahamia tu, tena kwa machela.

Kwa hiyo leo acha kuzungukazunguka humo ndani. Tafuta fimbo, mguu huo usiubebeshe uzito, na kesho asubuhi fika kwa daktari yule yule aliyekuwekea. Ukishindwa kabisa kukanyaga, hiyo kesho usiingoje. Mwombe fundi akusindikize. Mtu aliyepaka mafuta bawaba zote hizo hawezi kukosa subira ya foleni. Na utakapokaa kwenye kile kiti cha mgonjwa, daktari akakuuliza sauti hii ilianza lini, wewe unalijua vizuri jibu ambalo wagonjwa hupenda kulitoa.

Usimwambie, "Jana."