Mashine Iliyoita Mama

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo? Huku Kakese tuko wazima, mahindi yamebeba, ila miguu ya babu yako inamsumbua. Unakula vizuri huko shuleni?

Umeniuliza kwa nini nilinyamaza kwenye simu mashine yako ya wasioona iliposema, na kama uache kuitumia. Kaka yangu Deusi, asiyeona kama wewe, alikuwa na mashine kama hiyo, ya zamani, ya vitufe tu bila kioo. Alichoandika, ilikitamka kwa sauti ya puani. Alipofariki, siku ya kumaliza matanga tuligawana nguo zake. Shangazi akaweka shati juu ya mashine, ikasema, "Mama."

Watu walikimbia. "Izikeni hiyo!" shangazi alipiga kelele toka uani. Mama hakuinuka. "Abee, baba," akaitika, akaipakata. Ikaita tena, akaitika tena, mpaka ikaishiwa chaji. Labda shati lilibonyeza kitufe, ikawa inarudia alichoandika mwisho, mimi sijui.

Yako ina sauti ile ile, mwanangu, na wewe uko hai. Usiiache kwa ajili yangu. Piga simu tena, uiandikie "Bibi." Nitaitika.

Bibi yako anayekuwaza