Sahani ya Hawe Iliyorudi Jikoni

Jumapili, 17 Agosti. Mvua nyepesi tangu alfajiri, kisha jua kali lililotoka saa sita kana kwamba lilikuwa limechelewa kazini.

Shajara yangu ya mtandaoni, leo nitakuandikia yote. Sitaruka hata pale nilipokosea, na nilikosea pakubwa. Mwalimu wetu hutuambia kwamba mtu anayeandika mema yake tu hajaandika shajara, ameandika barua ya kuomba kazi. Basi nimekaa hapa nyumbani, mtaani kwetu Shika Adabu, bado nimevaa gauni la kanisani, na nitaanza mwanzo.

Mama yangu ana mdogo wake, jina lake Kadzo. Sisi tunamwita mamdogo. Kwa miaka mingi alipikia shule moja ya msingi huku Likoni, katika sufuria ambazo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Miezi mitatu iliyopita alichukuliwa kwa majaribio katika mkahawa mkubwa kule Mkomani, ule wenye vioo virefu na miti iliyopandwa kwenye mitungi. Leo ilikuwa siku yake ya kupimwa.

Wana utaratibu wao pale. Mpishi wa majaribio akikaribia kumaliza muda wake, hupewa Jumapili moja aweke chakula chake mwenyewe kwenye menyu, na huruhusiwa kualika watu wanne wa kwao. Baada ya hapo mpishi mkuu, Bi Rukia, husema neno moja: abaki au aende.

Mamdogo alichagua samaki wa nazi. Alitualika Hawe, yaani nyanya yangu, mama yake yeye na Mama, pamoja na Baba, Mama na mimi.

Alituonya jambo moja. Juu ya kila meza kuna kadi ya maoni, lakini Bi Rukia haziamini kadi. Husema watu wa Pwani wana adabu iliyozidi. Ukiwapa chakula kibaya wataandika, "Ahsanteni, Mungu awabariki." Kwa hiyo yeye husimama kwenye dirisha ambalo sahani zilizotumika huingilia jikoni, na huangalia kilichobaki. Kwake yeye, sahani haina adabu. Husema kweli.

Sasa kosa langu.

Mimi husoma Sayansi Kimu na sijawahi kushika nafasi chini ya tatu. Tulipoalikwa nilijitangaza mwalimu wa nyumba nzima. Siku mbili niliwafundisha kula kwa uma na kisu. Nyumbani tuna uma mbili na kisu kimoja cha vitunguu, kwa hiyo tulipokezana. Hawe alikuwa mwanafunzi wangu bora. Nilimwambia kwa sauti ya kitabu: "Hawe, ukitaka kupumzika, laza uma na kisu pamoja katikati ya sahani. Ukimaliza, vitenganishe."

Ni kinyume. Vikilala pamoja, mtu amemaliza. Vikitengana, bado anakula. Lakini nilikuwa na uhakika mno kiasi kwamba sikufungua daftari.

Tulitoka ibada ya kwanza tukaenda moja kwa moja. Lazima niseme mkahawa ule ni mzuri, na simaanishi vioo tu. Mhudumu wetu, Salim, alimwamkia Hawe kabla ya kumwamkia Baba. "Shikamoo, Bi." Akamvutia kiti, akangoja mpaka ameketi sawasawa. Hawe alimwitikia, "Marahaba, baba," kisha akaninong'oneza kwamba huyu kijana ana mama. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe kuliko vya altare. Katika maji ya kunywa mlikuwa na vipande vya ndimu na majani ya mnanaa. Hakuna aliyepiga kelele jikoni. Ulisikia tu mafuta yakipokea kitu.

Si wote waliofurahi kama mimi. Meza ya jirani alikaa mama mmoja wa kutoka bara na mumewe, na kila kilichokuja walikipima kwa macho. "Hii sahani ni kubwa, chakula kimekaa pembeni kama kimefukuzwa," mama yule alisema. Upande wa dirishani kulikuwa na mzee aliyekuwa akisherehekea siku yake ya kuzaliwa na watoto wake, naye alisifu kila kitu mpaka kijiko. Baba yangu, ambaye siku sita za juma hubeba magunia katika ghala moja huko Changamwe, aliletewa nyama ya mbuzi vipande vitatu na karoti moja iliyosimamishwa.

"Salim, mwanangu," aliuliza kwa upole, "hiki ni cha kuonja, au ndicho chenyewe?"

"Ndicho chenyewe, mzee."

"Haya. Basi nitakula polepole kisiniishie."

Mama alimkanyaga mguu chini ya meza. Nilimwona.

Kisha samaki akaja. Sisi watatu tuliagiza huyohuyo, wa mamdogo. Alikuwa ametolewa miiba, amelazwa juu ya wali, tui limemzunguka kama shuka. Alikuwa mrembo. Hawe alimtazama muda mrefu. Kwetu, kichwa cha samaki ni cha mkubwa wa nyumba. Hata samaki akiwa mdogo kama kiganja, kichwa humwendea Hawe.

"Kichwa chake kimekwenda wapi?" aliuliza.

Salim alitabasamu. "Bi, wageni wengine wanaogopa yale macho."

"Kumtazama wanaogopa, kumla hawaogopi."

Hata mama wa meza ya jirani alicheka.

Hawe hula kama anavyotembea, kwa vituo. Anakula kidogo, anakunywa maji, anaangalia watu, anarudi. Ile sehemu ya tumboni, yenye mafuta, huisukuma pembeni ili amalizie nayo. Alifika nusu. Akalaza uma na kisu pamoja katikati ya sahani, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha, akageuka kutazama wale watoto wakimwimbia mzee wao.

Alipogeuka tena, sahani haikuwapo.

Alitazama kitambaa cheupe mbele yake, akashika glasi ya maji. Nilidhani ameshiba. Baada ya muda aliniinamia. "Neema, wamemchukua samaki wangu. Nimekosea wapi?"

Ndipo daftari lilipofunguka kichwani mwangu, ukurasa wenyewe, na mchoro wake.

Nilitaka kumwita Salim. Mama akanishika mkono. "Tulia. Mgeni hadai chakula. Usituaibishe." Mama alikuwa anafikiria aibu. Mimi nilikuwa nafikiria lile dirisha. Sahani ya Hawe ilikuwa imerudi jikoni na nusu ya samaki, na sahani ya Hawe haikuwa ya mgeni yeyote tu. Ilikuwa ya mama mzazi wa mpishi.

Nilisimama.

"Unakwenda wapi?" Mama aliuliza.

"Nakuja, Mama."

Nilimwomba Salim anipeleke jikoni. Alisita, akanitazama usoni, kisha akanifungulia mlango. Sijui aliona nini.

Shajara, jikoni ile ningeweza kuisifia kurasa tatu. Kila kisu mahali pake, kila mtu anajua atapita upande gani, wanawake watano na wanaume wawili wakifanya kazi bila kugusana. Lakini nilimwona mamdogo na sikuona kingine. Alikuwa amesimama na mikono nyuma, kama sisi tukiitwa ofisini. Mbele yake Bi Rukia, mwembamba, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, ameshika sahani.

"Zimerudi sahani za watu tele hapa, zote zimelambwa," Bi Rukia alikuwa akisema. "Hii ndiyo ya mamako. Mamako mwenyewe, Kadzo."

Mamdogo aliitazama ile sahani.

"Shikamoo, Bi," nilisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Marahaba. Na wewe ni nani, mwanangu? Umekuya kufanya nini huku?"

Nilimweleza. Sikupunguza. Nilisema mimi ndiye niliyefundisha, na nilifundisha kinyume, na Hawe alikuwa anapumzika tu, na kile kipande cha pembeni alikuwa amekiweka akiba kwa sababu ndicho anachokipenda zaidi.

Bi Rukia alikitazama kile kipande. Kweli kilikuwa kimesukumwa pembeni kwa adabu, peke yake.

"Kwa hivyo samaki huyu hakuachwa," alisema. "Alinyang'anywa."

"Ndiyo, Bi."

Wote jikoni walicheka, na mabega ya mamdogo yalishuka. Hapo, shajara, ningeweza kuaga na kutoka. Nilikuwa nimekwisha kurekebisha nilichoharibu.

Lakini Bi Rukia aliniita. "Ndoo hapa. Na wewe ulikula huyuhuyu?"

"Abee. Nimemaliza, Bi."

"Sahani yako nimeiona. Sikuulizi kumaliza. Nakuuliza utamu. Nambia kweli."

Nilimtazama mamdogo. Hakunipa ishara yoyote.

Samaki alikuwa mtamu. Hilo ni kweli. Lakini samaki wa nazi wa mamdogo ninayemjua mimi huwekwa ukwaju na pilipili mbichi, na ukimla unatoka jasho puani na bado unaomba mchuzi zaidi. Huyu wa leo alikuwa mpole. Alikuwa kama mamdogo mwenyewe anapozungumza na watu wakubwa, akichagua kila neno.

"Ni mtamu, Bi," nilisema. "Lakini si wa mamdogo. Wake ana ukwaju."

Mikono yote jikoni ilisimama. Hata mafuta niliyasikia.

Bi Rukia alichukua kijiko, akachota tui kwenye sufuria, akaonja amefumba macho. "Ukwaju kautoa nani?"

"Mimi mwenyewe, Bi," mamdogo alisema. "Nilidhani wageni wa hapa hawapendi vitu vikali."

"Nani kakwambia? Wana ndimi kama wako." Aliweka kijiko chini. "Jumatano wenye mkahawa wanakuya kula. Utapika tena. Umpike yule wa nyumbani, na kichwa chake. Hapo ndipo ntakata neno."

Kisha alimwambia Salim avipeleke vichwa mezani kwa Hawe. Kumbe havitupwi, vilikuwa vimechemshwa kwa ajili ya chakula cha wafanyakazi wenyewe.

Mamdogo aliniambia neno moja tu. "Rudi kwa mamako, Neema." Hakuwa mkali. Hakuwa mpole pia. Aligeuka akaanza kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

Vichwa vilikuja kwenye bakuli kubwa, macho na yote. Hawe aliomba maji ya kunawa, Salim akamletea birika na beseni bila kushangaa, akammiminia mwenyewe. Nilimpenda kwa hilo. Hawe aliweka uma pembeni, akala kwa mkono, polepole, akivunja na kufyonza kila mfupa. Watu waligeuka. Nilidhani wanatucheka, nikaona joto masikioni. Lakini mama wa kutoka bara alimwinamia mumewe, kisha akamwita Salim. "Na sisi tunaweza kuletewa hicho anachokula yule nyanya?"

Kwenye kadi Mama aliandika, "Ahsanteni, Mungu awabariki." Nilimwona akiandika na sikusema kitu. Nilikuwa nimesema vya kutosha.

Njiani niliwaeleza yote. Baba alitikisa kichwa, akacheka kidogo bila furaha. "Mwanangu, ulikuwa umeshashinda, ukaendelea kucheza."

"Mwacheni," Hawe alisema. "Huyo samaki kweli alikuwa ametishwa."

Nimelifikiria neno la Baba tangu saa tisa, na ana haki. Ile kazi ilikuwa pale, mkononi mwa mamdogo. Sahani zote zilirudi tupu, na ya Hawe nilikuwa nimeieleza. Bi Rukia angesema "abaki," na leo angelala ameajiriwa. Badala yake ana siku tatu za wasiwasi na wakubwa wa kupikia, kwa sababu mjukuu wa mama yake aliulizwa swali akajibu.

Lakini pia nafikiria hivi. Kama angeajiriwa leo kwa yule samaki mpole, angempika yule mpole kila Jumapili, mwaka baada ya mwaka, na hakuna mtu pale Mkomani angejua kamwe mkono wake unaweza nini. Mimi najua. Nimeula tangu sina meno.

Sijui fikra ipi ni ya kweli na ipi ni ya kujitetea. Zote mbili zimeketi nami hapa.

Mamdogo, najua shajara hii unaisoma, maana wewe na rafiki zangu wawili ndio wasomaji wangu wote. Nimekuandikia ujumbe kwenye simu ya Mama mara tatu na mara tatu nimeufuta. Basi naandika hapa, mbele ya watu, kama nilivyosema mbele ya watu. La uma na kisu, naomba radhi, na Hawe pia nimemwomba. La ukwaju sijajua kama niombe radhi.

Kwa hiyo nijibu leo leo, hata kwa neno moja, hata kama ni la hasira: ungependa ningenyamaza?