Nilimwona Mwalimu Akikosea

R.S. Puram,
Coimbatore.
27 Januari 2023

Mpendwa dada Kothai,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Murali, na kwamba kile kikohozi cha Nila kimekwisha. Nasikia Auckland sasa ni joto. Sisi huku asubuhi tunajifunika shali. Mama hajambo, ila magoti. Sikukuu ya Pongal imepita salama. Wali ulichemka ukafurika chunguni kama inavyotakiwa, na Mama akashangilia peke yake, maana mimi sikuwa na moyo.

Uliponiuliza habari za kazi kwenye simu nilikujibu "nzuri" nikabadili mazungumzo. Si nzuri. Nakuandikia kwa sababu wewe ulifundishwa dansi na Mwalimu yule yule aliyenifundisha mimi, na mwingine hatanielewa.

Unajua goti lilivyoniondoa jukwaani. Miaka ishirini na miwili ya kukanyaga sakafu ya saruji si mchezo. Mazoezi ya pilates, yale ya kuimarisha tumbo na mgongo, ndiyo yaliyonisimamisha tena, nikaona heri niyasomee nami niwasimamishe wengine. Nilisoma miezi minane Bangalore, na mtihani wa kwanza nikafeli. Nilikuwa nanyoosha mguu mpaka mwisho, na tabasamu la jukwaani usoni, msimamizi akaniambia, "Dada, unapendeza kweli. Lakini mwanafunzi wako amelala hapo anakosea, na wewe humwambii kitu." Mara ya pili nikapita, nikadhani somo limeniingia.

Wateja wangu wanachekesha. Alamelu, mke wa yule mwenye kiwanda cha pampu, hujilaza mkekani na simu sikioni. "Leo usinitese, mwaya, jana nilikula biriani ya harusi." Huyo namkaripia bila haya, naye hucheka na kufuata. Mama bado anawaambia majirani kwamba nalipwa kulaza watu chini.

Sasa nikwambie la Mwalimu Sivakami. Mwezi wa kumi mgongo ulimzidi, akaja mwenyewe kwenye chumba changu cha mazoezi, na miaka yake sabini na moja, akasema hataki mtu mwingine amguse. Niliinama nikamgusa miguu mbele ya wateja wote, kama tulivyolelewa. Halafu ikabidi alale chini.

Dada, wewe ungeweza? Mkufunzi husimama kichwani pa mtu aliyelala, apate kuona shingo na mabega. Mimi niweke nyayo zangu karibu na kichwa cha Mwalimu? Nilikwenda kukaa mbali, ukutani. Nikamwonyesha zoezi jepesi la kuinua kichwa na mabega. Yeye akabana pumzi, akaupinda mgongo kwa ndani kama tunavyosimama kwenye dansi, akajirusha juu kwa nguvu zake za jukwaani. Ni kosa, na kwa mgongo ule ni hatari. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nani kati yetu aliwahi kumwambia Mwalimu kwamba amekosea? Nikasema, "Vizuri, Mwalimu."

Nilisema "vizuri" wiki saba. Wiki ya nane, katika mwezi wa Margazhi, msimu wa dansi, wanafunzi wake wakiwa mbioni kujiandaa kwa maonyesho, alijirusha vile vile, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Diski ya mgongo ilitoka mahali pake ikabana neva. Wamempasua, lakini wayo wa kushoto umelala, hauinuki. Daktari anasema huenda ukarudi, huenda usirudi.

Nilikaa siku tisa bila kwenda kumwona. Ndiyo, mimi niliyekula kwake zaidi ya kwetu. Nilipokwenda nilimkuta ameegemezwa mito, nywele zimesukwa ovyo na mtu mwingine. Hakunipa hata nafasi ya kulia.

"Ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, Mwalimu."

Kisha akasema taratibu, "Mimi kila ulipokosea nilikuchapa, kwa sababu nilikupenda. Wewe uliniacha nikosee kwa sababu gani?"

Ningesema ni heshima, lakini ni heshima gani hii inayomlemaza mtu? Nadhani niliogopa kukaripiwa tu. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na sita. Naona aibu, dada, na usiku na mchana hainitoki.

Chumba cha mazoezi nimekifunga, na sijui kama nina haki ya kukifungua tena. Hilo nakuomba unishauri.

Kila asubuhi naenda kwake. Ndivyo alivyoniagiza, na daktari ameruhusu. Jana alilala kwenye mkeka akajaribu kuinua wayo, akabana pumzi kama kawaida yake. Nikasimama kichwani pake. Nikasema, "Hapana, Mwalimu. Umekosea. Toa pumzi kwanza." Akanitii. Alitoa pumzi, akalegeza mgongo, akafanya sawasawa, bila kosa hata moja. Wayo haukuinuka.

Nisalimie shemeji Murali na wanao, Nila na Adhavan; mwambie Adhavan picha yake ya nyangumi Mama ameibandika jikoni. Mama naye anakusalimu na anauliza utakuja lini. Mungu awahifadhi huko mliko, na miguu yenu iwabebe mpaka uzeeni.

Ukinijibu, tafadhali usiniandikie kwamba si kosa langu. Mwalimu mwenyewe hajasema hivyo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Vaidehi