Kanzu ya Kondo

Kibiti, Mkoa wa Pwani
21 Septemba 2025

Mpendwa mtani wangu Abdulazizi,

Assalaam aleikum. Nakusalimu wewe na wote waliomo nyumbani mwako huko Kigoma. Magoti yako yanasemaje? Mara ya mwisho uliniambia yanakupa habari za mvua kabla ya redio, nami nikakujibu kwamba mtoto wa mjomba wangu hata ugonjwa huchagua wenye faida. Mola akupunguzie maumivu, utani akuachie.

Mimi ni mzima. Macho yananiruhusu kusoma alasiri tu, jua likiwa dirishani, na vitabu vyangu ni vile vile. Navirudia kama mtu anayewatembelea majirani wasiohama. Semeni, mke wa kaka yangu, anakusalimu sana. Mikorosho ya watu mwaka huu imetoa maua vizuri. Nasema ya watu kwa sababu sisi bado hatuna hata mmoja, na sababu yake nitaifikia.

Ningekupigia simu, lakini ukuta unaotenga chumba changu na cha kaka Kondo haufiki juu. Kila neno huvuka, na haya sitaki yamvukie. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kondo yu hai. Nalitanguliza hilo ili yaliyobaki usiyasome kwa kukimbia. Yu hai, lakini amelala, na amelala kama mtu aliyekwisha kuaga.

Unamkumbuka Muzdalifa, mtoto wa marehemu Fikirini wa Kondo? Ulipokuja mara ya mwisho alikuwa anaota meno. Ulitaka kumposa, Kondo akakwambia binti ana mume tayari, naye ndiye babu yake, kwa hiyo kula ubwabwa wako uondoke. Sasa ni mtu mzima, amemaliza kidato cha sita. Mwezi wa saba alichaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya uigizaji yanayofanyika katika chuo kikuu kimoja Dar es Salaam wakati wa likizo ndefu, mabweni yanapokuwa matupu. Vijana wa mikoa mbalimbali hukaa humo wakifundishwa kusimama, kutembea, kupumua, na kusema mpaka aliyeketi nyuma kabisa asikie. Kondo aliposikia kuna somo la kupumua aliuliza kama huko Dar wameishiwa pumzi mpaka waazime za Kibiti. Lakini alimruhusu. Alimsindikiza mwenyewe kituoni, na mbele ya kondakta akasema, "Huyu ni mke wangu, mshushe mahali penye watu."

Mtoto alikuwa akinipigia simu jioni na kunisimulia. Walifanya kazi peku kwenye ukumbi wa sakafu ya mbao. Waliambiwa watembee kama mtu aliyebeba maji, kisha kama mtu aliyenyimwa maji. Mwanzoni aliona haya, maana wenzake walikwisha kupanda majukwaani huko mashuleni kwao, yeye hakuwahi hata kuliona jukwaa. Siku moja mwalimu wao, mwanamke kijana mpole, akamwuliza kila mmoja kwao wanaigiza wapi. Huyu akasema harusini, yule akasema kanisani. Muzdalifa akasema, kwetu tunaigiza msibani.

Akawaeleza jinsi watani wanavyoingia matangani wamevaa nguo za marehemu, wakatembea mwendo wake, wakadai kahawa yake, wakawagombeza wafiwa kwa sauti yake, mpaka wanaolia wanacheka na wanaocheka wanalia. Mwalimu akamwambia kwamba kwa onyesho la kufunga mafunzo, achague mtu mmoja wa kwao amlete jukwaani kwa namna hiyo hiyo. Mtoto aliuliza kama ni lazima awe amekufa. Mwalimu akamjibu kwamba jukwaa haliui mtu.

Simlaumu. Anayetoka kwingine atajuaje? Na mtoto naye, aliyekulia katika misiba yetu, alitaka kuamini.

Alimchagua Kondo, kwa kuwa hakuna kiumbe anayemjua zaidi. Akamwomba Semeni amtumie kanzu ya zamani ya babu, ile yenye kiraka begani, na Semeni akaikunja akaipeleka kwenye basi bila kuuliza. Alidhani mtoto anataka kitu chenye harufu ya nyumbani.

Kondo hakuwa na nia ya kwenda. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Lakini wiki ya mwisho alisikia kwamba mjukuu wake atamwigiza "mzee mmoja wa kwetu", naye akaamua mwenyewe kwamba mzee huyo hawezi kuwa mwingine ila Mshamu muuza kahawa, jinsi anavyotikisa kichwa akihesabu chenji. Akaanza kucheka kabla ya safari. Akanunua kofia mpya. Tukaenda watatu, yeye, Semeni na mimi, na kwa heshima ya umri tukakalishwa mbele.

Abdulazizi, nimeishi na nimesoma, lakini sikuwahi kumwona kaka yangu akiingia mlangoni ilhali ameketi kando yangu.

Aliingia, akaitazama sakafu kama anayekagua iwapo ni kavu. Alikusanya kanzu katikati ya magoti kabla ya kukaa. Alinusa kikombe, akakohoa mara mbili, ndipo akatutazama. "Mbona mmekaa kama kuku walionyeshewa?" akasema. "Nimekufa mimi, si nyie. Kahawa iko wapi?"

Watu waliangua kicheko. Semeni alikuwa wa kwanza, kisha akajiziba mdomo kwa mtandio. Mimi sikumtazama Kondo. Nilitazama mikono yake, nayo ilikuwa imeshika kofia mpya magotini.

Mtoto hakuacha kitu. Alileta hata lile neno lake, unalijua, la tangu siku tuliyohamishwa bondeni kwa mafuriko tukiwa watoto: "Hapa si kwetu. Hapa tumepanda tu, maji yakipungua tunashuka." Mwenzake mmoja akajifanya jirani, akamshauri apande mikorosho. Akamjibu kwamba mkorosho ni wa mtu anayekaa. Jirani akamwuliza, na hivi ulivyozeeka hapa, ulikuwa umesimama? Ukumbi ulicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu swali hilo nimelibeba maisha yangu yote na sikuwahi kuthubutu kulitamka.

Kisha akainuka, akaenda pembeni pa jukwaa palipokuwa na kitambaa cheupe kimetandazwa chini, akakitazama kwa muda. Hapo ndipo watani, kama ujuavyo, humfanya marehemu alilalamikie kaburi lake kwamba ni jembamba, au kwamba wamemlaza karibu na mtu aliyekuwa akikoroma. Mtoto alisema kwa sauti ya Kondo, polepole, "Nani kanizika huku juu?"

Akaishia hapo. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu akapanda jukwaani akatangaza kwamba babu mwenyewe yupo, yu hai, na ameketi mbele. Ukumbi wote ukasimama ukampigia makofi. Kondo naye, kwa kuwa hajui kumkosea mtu adabu, alisimama, akaweka mkono kifuani, akawainamia.

Tulipanda basi, tukapita Bungu. Ndipo akasema, akitazama nje, "Wamenizika juu, Rukaiya."

Muzdalifa aliporudi alileta kanzu imefuliwa na kupigwa pasi. Kondo hakuigusa. Alimwambia, bila hasira, kwamba nguo aliyoivaa mtani hairudi kwa mwenyewe. Siku ile ile alikwenda kulala, na kuamka kwake tangu hapo ni kwa ajili ya udhu tu. Daktari amesema moyo umechoka, lakini bado unafanya kazi, kwa hiyo ale na atembee. Uji anakunywa vijiko viwili, vitatu, kwa kumstahi Semeni. Imamu wetu, kijana mwenye elimu, alikuja kumweleza kwamba mambo ya watani si dini na hayana madhara kwa muumini. Kondo alimsikiliza mpaka mwisho. "Sheikh," akamwambia, "kufa siogopi. Ila watu wameshacheka yangu yote. Siku yenyewe watacheka nini?"

Sasa ujue kilichonifanya nikuandikie wewe na si mwingine. Hajasahau ahadi yenu ya kule kwenye dungu, mlipokuwa mkifukuza ndege wasile mpunga, kwamba atakayebaki atavaa nguo za mwenzake. Ameitunza miaka yote kama wengine wanavyotunza sanda. Juzi aliniambia tu, "Zamu ya Abdulazizi imeshakwenda." Akageukia ukutani.

Na mtoto anaisha vile vile. Chuo kimempigia simu, kinataka aanze masomo yenyewe mwezi wa kumi. Kazima simu. Huyu ndiye aliyekuwa akituigizia mgambo, mkunga na mbuzi wa jirani mpaka tukashika mbavu, na leo anapita uani kama mgeni, akijitahidi asifanane na mtu yeyote. Nilipomwambia asijilaumu, alinijibu, "Bibi, kosa langu nilimtazama sana." Nimefundisha watoto umri wangu wote wa kazi nikiwaambia watazame vizuri.

Lililo baya zaidi ni kwamba pale jukwaani alisema kweli. Baada ya mafuriko ya mwaka jana nilimwomba kijana mwenye bodaboda anifikishe hadi pale njia ya bondeni inapokoma. Nilitaka kuona walipolala wazee wetu. Hapakuwa na kitu cha kuona. Mto umejikatia njia nyingine, na kile kichuguu tulichokuwa tukikilenga ili tujue upande wa makaburi kimekwenda na maji. Sikumwambia Kondo. Nilirudi nikasema barabara haikupitika. Maji yale, mtani wangu, hayatapungua ndani ya umri wetu, na nyumba hii tuliyoijenga kwa muda itakuwa ndiyo tuliyofia.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, sikujua nikuombe nini. Wewe kuja huwezi, najua magoti yako na urefu wa reli. Lakini wakati nimekaa hivyo, baada ya swala ya alasiri, nimesikia haya juu ya ukuta, na nakuandikia yangali mabichi.

Muzdalifa alikuwa amempelekea maji. Kondo akamwambia akae. Kisha nikasikia, "Pale ulipokohoa, ulikosea."

Nikasikia mtoto akiweka kikombe chini.

"Ulikohoa kama mtu anayetaka asikiwe. Mimi nakohoa ninapolimeza neno. Kohoa."

Akakohoa, kwa woga.

"Hapana. Neno lifike kwanza hapa kooni, ndiyo ulirudishe. Huwezi kumeza kitu ambacho hukukileta."

"Neno gani, babu?"

Tangu utotoni nimekisikia kikohozi kile kabla ya salamu, kabla ya chakula, kabla ya kila jambo, nami nilikidhani ni vumbi.

"Turudi," akasema Kondo.

Sijui niite hilo nini. Si kupona, maana mtu anayefundishwa leo anafundishwa kwa ajili ya siku fulani, na sote watatu tunaijua siku hiyo. Lakini ni mara ya kwanza tangu Agosti kusikia sauti yake ikitaka kitu.

Basi ombi langu ni hili. Mpigie simu Kondo mwenyewe, Semeni atamshikia. Mwambie kwa kinywa chako kwamba zamu haikuibwa, ilikuwa yako na wewe umempa mjukuu wake. Mtukane kidogo kama zamani, ili ajue ni wewe. Najua ninachokuomba. Nakuomba uiachie ahadi uliyoishi nayo tangu dungu, na ukiiachia utakuwa umekubali pamoja nami kwamba anakwenda. Mimi nimeshindwa kukubali peke yangu. Mtoto yule akipewa zamu na mwenyewe, pengine ataiwasha simu yake kabla nafasi haijapotea. Asipopewa, nitawazika wawili, mmoja akiwa bado anatembea.

Nisalimie mkeo Mashavu, na mwanao Saidy na watoto wake. Mwambie binti yako Yasmin kwamba kitenge alichonitumia nakivaa Ijumaa kwa Ijumaa. Wa huku wote wanakusalimu: Semeni, Mwanajuma wa ng'ambo ya barabara anayesema bado anakudai ndoa, na Mshamu muuza kahawa, ambaye hajui jinsi alivyonusurika.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi huko ulikotupwa na kazi, atuhifadhi na sisi huku tulikotupwa na maji, na atukutanishe pale pasipohama mtu.

Nafunga barua hii jua likiondoka dirishani. Kule ng'ambo ya ukuta wanaendelea. Anakohoa mmoja, halafu kimya, halafu mwingine. Hiki cha sasa hivi nimekisikiliza vizuri sana, Abdulazizi, na sikuweza kujua ni cha nani.

Ni mimi, dada yako na mtani wako nikupendaye,

Rukaiya